Mstari wa Maji Kwenye Picha ya Kwanza

Baba yangu hakuwahi kuamini kitu kwa kukitazama. Chupa ya chai ataitikisa kwanza, ndipo akubali kwamba ina chai. Tangi la nyumbani ataligonga, afungue bomba, ndiyo akaoge. Kazini, alikochochea moto wa magarimoshi ya mvuke kwa miaka thelathini na mmoja, walimbandika jina la Mzee Fungua, nasi nyumbani tukalidaka. Mimi ndiye niliyemtania kuliko wote, sikatai.

Sababu alitueleza mara mia. Boila ina kioo chembamba cha kuonyesha maji. Maji yakiwa nusu, unaona mstari. Yakijaa mpaka juu, mstari hauonekani. Yakiisha kabisa, hauonekani vilevile.

"Kioo kilichojaa na kioo kitupu ni pacha," alikuwa akisema. "Fungua koki ya chini uone kinachotoka, maji au mvuke."

Rafiki yake mmoja hakufungua. Walizika viatu.

Sasa mume wangu, aliyenunua kamera na hana tena jingine la kuongea, akasikia kwamba karakana ya zamani itawasha garimoshi moja ili watu wapige picha. Twende wote, akasema, na mzee pia. Roho yangu ikasita, na wala si kwa kuogopa hatari. Niliogopa aibu! Namjua baba, angewafundisha mafundi kazi yao mbele za watu.

"Baba, nakuomba," nikamwambia mlangoni. "Leo usiseme neno. Tunakwenda kutembea tu."

"Haya, mama. Nimefunga mdomo."

Garimoshi lilikuwa limepakwa rangi mpya, jeusi tititi, linahema. Dereva alikuwa kijana mwenye glavu safi kupita kiasi. Baba alisimama mikono nyuma, binti yangu Kidoti kamshika kidole. Mume wangu akaanza kupiga picha, hata misumari hakuiacha.

Baba akaniinamia sikioni. "Sijaona mtu akifungua koki ya kioo."

"Baba! Umeahidi."

Akasimama wima tena. Baadaye akaanza tena, "Lakini mama..." nikamfinya mkono. Hakurudia.

Tulikaa hivyo nusu saa, moto unaongezwa. Kisha dereva akaanza kuwapandisha watoto mmojammoja wapigwe picha. Zamu ya Kidoti ikafika. Mume wangu akampiga picha, akatuonyesha kwa majivuno. "Ona, kioo cheupe utadhani kimeoshwa!"

Baba akampokonya kamera. "Hakuna mstari," akasema. Halafu kwa sauti, "Kijana, fungua koki ya chini!"

Dereva akacheka. "Mzee wangu, imejaa hiyo. Tumejaza asubuhi."

"Fungua!"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Baba, unatuaibisha."

Akapanda na goti lake bovu, akaifungua mwenyewe. Ukatoka mvuke mtupu, tone la maji hakuna. Akamkamata Kidoti makwapani, akanirushia kama mzigo.

"Kimbieni! Wote!"

Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia baba akipiga kelele. Watu walitimua mbio, na dereva akaruka. Baba akabaki na beleshi, anautoa moto tanurini.

Tulikuwa getini tuliposikia mlio. Kizibo cha madini ya risasi kilicho juu ya tanuri, kinachoyeyuka maji yakiisha, kilikuwa kimeyeyuka, na mvuke ukamtokea kwenye mlango wa tanuri alioufungua kutoa moto. Boila haikupasuka. Hakuna mwingine aliyepata hata mchubuko.

Aliishi siku mbili, macho yamefungwa bandeji. Nilimwambia Kidoti ni mzima kabisa.

"Mlete nimguse," akasema.

Nikamleta. Akampapasa kichwa, mabega, vidole kimoja kimoja, ndipo akaamini. Mimi nikalia pale miguuni pake, nikamwomba radhi. Akasema, "Yameisha, mama." Hayajaisha.

Juzi mume wangu alizipanga zile picha kwa saa zilipopigwa. Ya Kidoti, ya saa nne na dakika arobaini, kioo ni cheupe. Ya kwanza kabisa ni ya saa nne na dakika kumi. Kioo kina mstari, chini kabisa, lakini upo. Na hapo mbele yake tumesimama sisi wawili, baba ameniinamia sikioni, nami nimemkunjia uso.