Fundi Masikio Haelewi Wimbo

Kuna watu hawapendi mpira, na dunia inawavumilia. Kuna wasiocheka vichekesho vya redioni, nao wanaoa na kuzikwa kama wenzao. Lakini mtu akikwambia muziki haumwingii, si kwamba haupendi, haumwingii kabisa, utamtazama mara mbili. Ndiyo maana Fundi Masikio hakuwahi kumwambia mtu.

Jina la Masikio alipewa na wateja, na hawakukosea. Mpelekee spika inayokoroma, atainama kidogo, atakwambia koili inagusa sumaku upande wa kushoto, na akiifungua utakuta ni hivyohivyo. Mtaani kwake alimjua kila mtu kwa kikohozi. Lakini wimbo, thubutu. Kwake wimbo ulikuwa maneno yaliyovutwa bila sababu, juu ya makelele kama ya sufuria zinazoporomoka ngazini. Ukimpigia nyimbo mbili zisizo na maneno, asingeweza kukwambia ipi ni ipi.

Kwa hiyo aliwashuku wanadamu. Kwa miaka mingi aliamini kwamba watu walikubaliana kujifanya, na yeye hakuwepo siku ya kikao. Mtu mzima na heshima zake anafumba macho, anatikisa kichwa kama mjusi, kisha anasema ameguswa. Ameguswa na nini? Harusini fundi alikaa nyuma na kuchunga miguu ya wenzake. Ikitikisika, naye anatikisa. Ikitulia, naye anatulia. Funika kombe mwanaharamu apite.

Kosa lake kubwa alilifanya kwa ajili ya mapenzi. Alikuwa ameitwa hospitalini kutengeneza kipaza sauti cha kuitia wagonjwa, akapita mlango wa chumba cha kushonea mashuka. Ndani alikuwamo msichana kwenye cherehani, anaimba. Alipomwona mgeni akanyamaza kwa haya. Sasa fundi aseme nini? Aseme amependa anavyoinamisha shingo akikata uzi kwa meno? Akasema kile ambacho wenzake husema: imba tena. Basi, akajitia kitanzi mwenyewe. Wakaoana, wakamlea binti yao mmoja mpaka wakamwoza, na miaka yote ishirini na tano mke akiimba huku anaanika nguo, mume aliweka bisibisi chini, akalegeza uso na kusema huo ni mzuri. Mwongo mkubwa. Alikuwa mwongo mwenye nia njema, na hao ndio hawaponi, maana hawajioni wagonjwa.

Mwaka huu mke akaacha kuimba nyumbani. Fundi alichukua wiki tatu kuligundua hilo, na alipoligundua alishukuru kimoyomoyo, mjinga yule. Kisha zikaanza Alhamisi. Kila Alhamisi mke alirudi saa moja jioni badala ya saa kumi, akasema wanapanga stoo ya mashuka. Mtu aliyetoka kupanga stoo hurudi anashika kiuno na hataki kusemeshwa. Huyu alirudi mwepesi, uso umenawiri, anatabasamu peke yake akimenya viazi. Fundi akatafuta kisingizio cha kupita hospitalini. Mlinzi wa getini, bila kubembelezwa, akamwambia stoo hupangwa Jumatatu asubuhi, na chumba cha kushonea hufungwa saa tisa na nusu kila siku ya Mungu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Fundi hakusema kitu, maana kazi ya kutafuta hitilafu ilimfundisha kwamba haitafutwi kwa makelele. Alikagua viatu vya mkewe kama vina vumbi la njia asiyoijua. Alinusa mtandio uliotundikwa nyuma ya mlango, akapata harufu ya sabuni ya kiwandani, na hiyo ikamtesa siku mbili. Akauliza habari za stoo kwa upole, mke akajibu kwa upole, kila mmoja akimtazama mwenzake muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika.

Jumanne moja akaingia dukani bwana mrefu, shati limenyooshwa pasi, amekumbatia spika. Alijitambulisha kuwa mwalimu wa kwaya ya wafanyakazi, watu wa ofisi na karakana mbalimbali wanaofanya mazoezi kwenye ukumbi ulio nyuma ya kiwanda cha sabuni. Spika yao inakwaruza na onyesho liko karibu. Akaiunganisha na simu, akapiga wimbo waliojirekodi wenyewe ili fundi ausikie huo mkwaruzo.

Fundi akainama. Mkwaruzo aliusikia mara moja, kitu kidogo tu. Kisha, kabla ya ubeti wa pili, mwanamke mmoja akavuta pumzi, na malaika ya mikono ya fundi yakasimama. Wimbo hakuujua, wala hakujua kama unapanda au unashuka. Lakini pumzi ile alikuwa amelala nayo ubavuni miaka ishirini na tano.

Akauliza huyo ni nani.

"Huyo ndiye hazina yetu," mwalimu akasema, uso wote umefurahi. "Tunamwita Asali. Siku asipokuja, mimi nami sina mazoezi."

Asali! Akamwambia bwana yule asijisumbue kuifuata spika, ataipeleka mwenyewe. Alhamisi.

Alhamisi ilipofika akafunga duka mapema, akaibeba spika begani mpaka nyuma ya kiwanda, akaiweka chini nje ya ukumbi na kuchungulia. Alikuja na picha kichwani ya mambo atakayoyaona, na alishajiandaa kwa maneno ya kusema. Akaona watu thelathini wamepanga mistari: walinzi, makarani, wapishi, na mkewe mbele. Mkewe akaimba peke yake kidogo. Mwalimu akanyanyua mkono, wote wakanyamaza.

"Hapana, Asali. Umechelewa kuingia, na mwishoni umebana koo. Imekuwa mbaya. Rudia."

Damu ikamchemka fundi. Hakuna mtu aliyewahi kusema na mke wake namna ile. Yeye mwenyewe asingethubutu. Akangoja aone machozi. Badala yake mke akatabasamu, tabasamu pana la mtu aliyepewa haki yake, akarudia. Akasimamishwa tena. Mara ya tatu mwalimu akatikisa kichwa kukubali, bila neno, na mke akang'aa mpaka fundi akaona haya kutazama. Hapo ndipo mke alipogeuka akamwona mlangoni.

Walirudi kwa miguu. Nusu ya njia fundi akashindwa kujizuia.

"Kuna nini kati yako na yule bwana?"

"Ananiambia nikikosea."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Unaliona dogo?"

Ndipo mke akayatoa yote, taratibu, bila kupandisha sauti. Kwamba alianza kumshuku kitambo, binti yao akiwa bado anatambaa. Siku moja aliharibu wimbo kwa makusudi, mume akasema ni mzuri. Akauharibu zaidi, akaambiwa mzuri zaidi. Mwisho akachukua lile tangazo la sumu ya panya, lililokuwa likipigwa redioni asubuhi na jioni, akaondoa maneno, akalivuta polepole kwa kuliimbia puani. Mume akafuta jicho, akasema huo unamkumbusha siku waliyoonana.

"Nilikwenda jikoni nikalia," mke akasema. "Miaka yote umenivisha kilemba cha ukoka. Sasa ukiniambia nimependeza, nijuaje? Ukiniambia unanipenda, mume wangu, nijuaje kama hilo nalo si la sumu ya panya?"

Fundi akakiri. Alikiri yote pale pale barabarani, mpaka habari ya kuchunga miguu ya watu harusini. Mke alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema angemwelewa kama angeambiwa mwaka wa kwanza. Jioni hiyo akahamia chumba cha binti yao. Akasema onyesho likipita atakwenda kukaa kwa dada yake mkubwa, na kama atarudi hajui, asiulizwe.

Zikaja siku mbaya. Kila neno la fundi lilipokewa kwa jicho la pembeni. Akisema chai tamu, mke anainua nyusi na kuweka kikombe chini. Akinyamaza, anaulizwa anaficha nini. Alijaribu kuapa, akaona anavyotazamwa, akaacha. Ilimuuma kuliko alivyotarajia, kwa sababu mengi aliyoyasema yalikuwa kweli, na kweli yake haikuwa na wa kuipokea.

Onyesho lilikuwa Jumapili mchana. Mke alifunga sanduku asubuhi, akaliacha kwa bawabu wa ukumbi, ili akitoka hapo aende moja kwa moja kwa dada. Fundi akakaa mstari wa tatu. Safari hii hakuchunga mguu wa mtu. Alimtazama mkewe akiimba, akasikiliza kwa nguvu zake zote, akikitafuta hicho ambacho wenzake wanakipata bila kukitafuta. Mama aliyekaa kando yake alikuwa analia kabisa. Yeye hakupata kitu. Alitamani kulia pia, kwa wivu tu.

Wimbo ukaisha. Ukumbi mzima ukasimama, makofi, miluzi, vigelegele. Mikono ya fundi ikainuka yenyewe kwa mazoea. Akaitazama, akairudisha magotini, akabaki ameketi. Waliosimama mbele yake walipopisha, alionekana waziwazi: mtu mmoja kwenye kiti, hapigi makofi. Yule mama akafuta machozi, akamwambia ana roho ya jiwe. Kule jukwaani mkewe alikuwa amemwona, na hakuyaondoa macho mpaka pazia likafungwa.

Mke alitoka wa mwisho. Fundi alishachukua sanduku kwa bawabu. Wakatembea kuelekea njia panda, ambako mkono mmoja unakwenda kwa dada na mwingine nyumbani.

"Hukupiga makofi."

"Sikuelewa kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nilijaribu."

Wakaenda hatua kadhaa. Mke akauliza habari ya gauni alilovaa. Fundi akajibu linambana kwapani tangu mwaka juzi. Mke akauliza habari ya maharage yake. Fundi akasita, akasema yana chumvi nyingi.

"Yote?"

"Miaka yote."

"Shetani wewe," mke akasema taratibu, na alikasirika kweli. Alisonga mbele akimwacha nyuma na sanduku. Fundi akadhani amemaliza mambo kwa mdomo wake mwenyewe.

Walipofika njia panda fundi alikuwa anahema. Hakuulizwa kitu. Akatua sanduku chini, akasema anampenda, maneno aliyokuwa akimwambia tangu waoane, yaleyale, bila kuongeza hata moja. Mkewe, aliyekwisha kushika njia ya kwa dada, akasimama kuyasikiliza.