Popote

Mama yangu ndiye aliyenifundisha kulisema neno hilo. Mimi nilikuwa nalisema vibaya, kwa sauti ya mtu anayepelekwa rumande. Yeye akakaa pale mkekani akimenya kamba, maganda yamemjaa mikononi, akanirudisha na kunirudisha mpaka nikalisema kama mtu aliyealikwa harusini. Basi kila ninapolisikia neno popote, hata kwenye tangazo la redio la kampuni za simu, namkumbuka yeye na ule mkeka, na hata kama nilikuwa nimekasirika, hasira zinaniisha.

Hasira ninazo, nisifiche. Mama husema nilizaliwa siku ya bamvua, maji yalipopanda mpaka kizingitini, ndiyo maana situlii. Mimi husema nimerithi kwake, naye hucheka, maana anajua ni kweli.

Kwetu ni Salale, ndani ya delta. Ukitoka Kibiti mjini unashuka mpaka Nyamisati, pale unapanda boti, unakatiza kwenye mikoko mpaka unafika, na boti inaondoka maji yanapotaka yenyewe, si unapotaka wewe. Maji tunayo, hatuna pa kuyaweka, na ya kunywa hakuna. Chumvi tupu. Ya kunywa mama alikuwa akiyafuata kwa mtumbwi, juu huko mtoni ambako chumvi haifiki, madumu yamepangwa mbele, yeye nyuma na kasia. Anapanda na maji yakijaa, anarudi nayo yakipwa. Nilipokuwa sekondari goti lake likaanza kumsumbua. Akawa anapanda mtumbwi kwa kulishika lile goti kwa mkono na kulivusha, utadhani si la kwake. Nikimtazama, roho inaniuma mpaka nageuka pembeni.

Hapo ndipo nilipojua ninataka nini. Nilikwenda chuo Dar es Salaam nikasoma uhandisi wa elektroniki, na katika uhandisi huo nikashika upande wa udhibiti wa mitambo: namna ya kuifanya pampu ijiwashe yenyewe tangi likipungua na ijizime likijaa, bila mtu kuisogelea. Wenzangu walitaka kampuni za simu, walitaka viwanda, walitaka nje. Mimi nilitaka kazi ya serikali, kwenye maji, karibu na nyumbani, ili mama yangu afungue bomba na asipande tena mtumbwi na madumu. Sikuwa na ndoto nyingine.

Kazi yenyewe haikuonekana. Nikarudi Kibiti kwa mama mdogo, nikafungua kibanda karibu na stendi, nikawa natengeneza simu, redio na taa za sola. Vijana wa pale wakanipa jina, Injinia wa Chaja. Siku moja mzee mmoja kutoka Mahege akaniletea chaja iliyoungua, akaniuliza kama kweli nilikaa chuoni miaka yote ile kwa ajili ya kazi hii. Nikamtolea uvivu. Nikamwambia aichukue chaja yake aivae shingoni, itampendeza. Mama mdogo alinifokea, maana yule alikuwa mteja, tena mtu mzima, ikabidi nimfuate mpaka gengeni nimpe shikamoo na chaja iliyopona. Akaipokea akicheka. Kumbe na yeye alikuwa na binti aliyesoma ualimu na amekaa tu nyumbani.

Kisha serikali ikatangaza nafasi za wahandisi wa elektroniki kwa ajili ya mitambo ya maji. Niliomba kwa simu nikiwa palepale kibandani. Nikafanya mtihani wa mchujo, nikapita, nikaitwa Dodoma kwa usaili wa vitendo na wa mahojiano. Nikafunga kibanda, nikaenda Salale kumuaga mama na kuombewa dua.

Mama akaniuliza nitapimwa kitu gani. Kwa haraka zangu nikamwambia, mambo ya sensa. Mafundi wote wanaita hivyo, kile kidude kinachohisi maji au joto na kupeleka habari kwenye mtambo. Lakini mama yangu hajui sensa nyingine ila ile ya kuhesabu watu. Asubuhi yake nikaamka nikakuta uani pamejaa. Jirani anataka mwanawe awe karani wa sensa, mke wa jirani naye anamtaka mdogo wake, na mwingine kaleta na vyeti kabisa. Nikapandwa na hasira. Nikamuuliza mama kwa nini ametangaza, akaniambia hakutangaza, ameeleza tu. Ikabidi nikae chini niwafafanulie wote kwamba sensa yangu ni kidude cha kujua maji yamefika wapi ndani ya tangi. Wakatazamana. Mama akauliza kwani watu wa huko hawana macho. Kicheko kilichofuata hapo sijakisahau, na sijapata kingine kama hicho tangu niondoke.

Jirani mmoja alibaki baada ya wengine kutawanyika. Mwanawe ni mwalimu, naye alikuwa amepita kwenye usaili. Akamwambia mama kwamba kuna swali moja linaangusha watu, na halimo kwenye kitabu chochote. Wanakuuliza kama uko tayari kupangiwa kituo popote. Ukisita kidogo tu, umekwisha.

Basi mama akageuka jopo la usaili. Akajifunga kanga vizuri, akakaa wima, akanikazia macho huku mikono inaendelea na kamba.

"Utakwenda popote?"

Nikasema popote. Akasema hapana, huyo hapewi kazi. Nikarudia. Akasema sasa umelisema kama unanitukana. Nikamwambia nimechoka, akaniambia mwenye kuchoka abaki na chaja zake. Hapo nikacheka, na katika kule kucheka neno likatoka lenyewe, jepesi. Mama akaridhika, akanitupia kamba mmoja mbichi kifuani kama zawadi. Tukapika, tukala wali wa mpunga wa kwetu, na maji yakajaa tukaagana.

Dodoma walinipa paneli ya pampu, kabati la swichi na nyaya zake, yenye hitilafu. Tangi linajaa, pampu haizimi, maji yanamwagika sakafuni, na msimamizi amesimama na kalamu yake. Nikafuata waya mmoja mmoja mpaka nikafika kwenye boya la tangini, nikakuta limeungwa kinyume: likipanda, linaiambia pampu kwamba maji yamepungua. Nikazima umeme, nikageuza waya, nikawasha. Tangi likajaa, pampu ikanyamaza. Msimamizi akaandika kitu. Nilitamani nimkumbatie.

Kesho yake nikakaa mbele ya jopo. Wakaniuliza habari za paneli, rilei za kuwasha na kuzima, na namna ya kuilinda mota umeme ukiyumba, nikajibu. Mwisho mama mmoja mwenye miwani akaliuliza lile swali. Nikalisema kama nilivyofundishwa. Akainua uso, akaniuliza, hata ndani kabisa kusiko na barabara? Nikamwambia kwetu barabara ni maji. Jopo zima likacheka.

Sikuwadanganya. Nililisema kwa moyo mweupe kabisa. Ila ndani ya lile popote nilikuwa nimeitia Kibiti. Nilijiambia kwamba popote ni kila mahali, na Kibiti nayo ni mahali, sasa kwa nini wasinipangie huko? Niliomba hivyo kila sala, njia nzima ya kurudi.

Majibu yakaja kwamba nimefaulu, ila nafasi zimejaa, nimewekwa kwenye kanzidata mpaka zipatikane nyingine. Nikampigia mama kulalamika. Yeye akafurahi. Aliposoma madrasa alifundishwa kwamba kanzi ni hazina, mali iliyofichwa mahali salama, kwa hiyo akaona mwanawe amewekwa pazuri. Akawaambia majirani kwamba serikali imenitia kwenye hazina yake. Nikashindwa kumkatisha tamaa. Nikarudi kwenye chaja, nikasota, na kila simu ya namba ngeni ikilia naacha kazi naikimbilia. Nyingi zilikuwa za watu waliosahau redio zao kwangu.

Siku walipoita kweli nilikuwa nimeshika bisibisi. Nimepangiwa Singida.

Kibanda kizima kilipiga kelele, yule Injinia wa Chaja ameula. Mama mdogo akapiga vigelegele mpaka stendi watu wakageuka. Mimi nilikuwa nacheka nao, huku nikihesabu ni mabasi mangapi kutoka Singida mpaka boti ya Nyamisati. Nilikwenda kuaga Salale. Mama akanifungia mchele, akanifungia kamba wakavu, akanisindikiza mpaka kwenye boti bila kusimama kulipumzisha goti. Akaniambia nisijibizane na wakubwa. Nikamwambia nitajaribu.

Kazi niliipenda, na naipenda mpaka leo. Huku maji yako chini sana ardhini, yanavutwa na pampu mpaka kwenye matangi juu ya kilima, na mimi nakaa mbele ya skrini naona kila tangi limefika wapi. Vile vidude vya sensa ni vyangu. Kikiharibika kimoja napanda gari naenda kukibadilisha, vumbi mpaka kwenye kope. Wanawake wa vijijini wananipokea vizuri, wananiita injinia, na wakifungua bomba maji yakatoka wananishukuru kama nimeyaleta mgongoni. Nami nawaangalia wale mama wakijaza ndoo zao wamesimama, hakuna kasia, hakuna tope, na namwona mama yangu katika kila mmoja. Naona wivu. Ndiyo, wivu, nisiseme uongo.

Maji ya huku hayapwi. Yanapanda nikiyapandisha na kushuka watu wakiyatumia, basi. Nimekaa na harufu ya tope la mikoko puani mpaka nikaanza kuisahau, na siku niliyogundua kwamba naisahau nililia ofisini mlango wazi. Mama nikimpigia huwa haniambii ni saa ngapi. Ananiambia maji yanajaa, ngoja nikapande mtumbwi, au maji yamekupwa, tuongee. Nami najua hasa amesimama wapi na anatazama nini. Simu ikikatika nabaki nimeishika.

Niliuliza habari za uhamisho. Mkubwa wangu akanijibu kwa upole kwamba muda wangu bado, na hata ukifika lazima apatikane wa kukaa mahali pangu. Nilitaka kujibizana naye, nikamkumbuka mama, nikamshukuru nikatoka. Kama mimi siwezi kurudi, nikaona, basi mama aje. Nikapata nyumba yenye bomba ndani. Nikanunua kitanda kisichoinuka sana, kwa ajili ya goti. Nikapanda kwenye kopo mwarobaini mdogo mlangoni, maana anapenda kivuli, na likizo ilipofika nikaenda kumchukua.

Nilimkuta mkekani, akimenya kamba. Nikamwamkia, nikakaa, sikungoja hata chai. Nikamweleza kila kitu: nyumba, kitanda, bomba la kugusa tu, maji matamu mchana na usiku, hospitali ipo karibu kwa ajili ya goti. Nilikuwa naongea haraka kama nilivyo, na kadiri nilivyoongea ndivyo nilivyotuona tuko safarini tayari, mimi na yeye, dirishani mwa basi. Yeye alikuwa anasikiliza vizuri sana. Akaniuliza kama huko kuna mtu wa Salale. Nikasema hakuna. Akauliza maji yanajaa na kupwa? Nikasema mama, ni kilimani kule, yatajaa kutoka wapi.

Akaitikia kwa kichwa. Akamenya kamba mmoja mpaka akamaliza.

"Popote ulisema weye, mwanangu," akaniambia. "Miye hakuna aliyeniuliza."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema lile neno vizuri kabisa, jepesi, kama alivyonifundisha mwenyewe mahali pale pale. Nililia mbele yake kama mtoto, naye akaniacha nilie, mikono yake imejaa maganda hata asiweze kunifuta.

Kisha akatazama nje, akasema maji yameanza kujaa na madumu yako matupu. Akainuka, akalishika goti. Nikamwomba abaki, akakataa, akasema mtumbwi ule nimeusahau, nitamzamishia madumu yake. Tukaenda wote wawili, yeye nyuma, mimi mbele, kuyafuata maji ya kunywa.