Mkono wa Kunolea

Kisu cha mama kilifuliwa kutokana na springi ya lori. Alikichagua mwenyewe kwa mhunzi wa Kinyangiri, kabla hatujahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Mhunzi alimwekea visu vitatu juu ya gunia. Mama hakutazama mpini hata mmoja. Alikiinua kila kisu karibu na sikio, akakigonga kwa ukucha, na kile kilichotoa mlio mrefu ndicho alichokichukua.

"Mpini utabadilishwa," aliniambia njiani. "Chuma hakibadilishwi."

Hadi leo nikinunua kisu nakigonga kwa ukucha, na wauza duka wa mjini hunicheka.

Kinoo chake kilikuwa jiwe jeusi la ukubwa wa kiganja. Alilimwagia maji, akalaza kisu juu yake, kisha akainua mgongo wa kisu kiasi cha kupitisha punje ya mtama. Alivuta taratibu, mara kumi upande huu, mara kumi upande ule. Hakujaribu makali kwa kidole. Aliniambia ninyanyue jani la mlenda kwa kikonyo, akalipitishia kisu. Jani likikatika bila kutikisika, kazi imekwisha.

"Kisu butu ndicho kinachojeruhi mpishi," alisema. "Unakisukuma kwa nguvu, kinateleza, kinakuja kwako."

Baba alimpiga mama. Ninaiandika sentensi hii wazi kwa sababu pale kijijini hakuna aliyeitamka, ingawa nyumba zilipangwa mstari na kila mtu alisikia. Alimpiga kwa mkanda, kwa mwiko, kwa mguu wa kigoda. Na kila alipomaliza alifanya jambo lile lile. Alichukua kisu, akaenda kwenye jabali nyuma ya nyumba, akayagonga makali yake, ta, ta, ta, mpaka yakajaa mapengo.

"Haya, sasa lala nacho," alimwambia.

Baba alikuwa anamwogopa mama. Mimi niliogopa kuliko wote wawili. Niliamini kwamba siku moja mmoja wao atakufa kwa kisu kile, na kila siku niliomba asiwe mama. Sikuwahi kuomba asiwe baba.

Kila asubuhi iliyofuata mama alikinoa upya. Na baba alikuwa mchinjaji wa kijiji. Kisu chake mwenyewe kilipotea kwenye lori siku ya kuhama, tangu hapo akawa anachinjia cha mama. Alizoea kukikuta kikali kama anavyozoea mtu kukuta maji mtungini.

Kisha ikaja siku ya mboga iliyozidi chumvi. Baba alimwangusha mama, akamkanyaga mkono wa kulia kwa katambuga, ile ndala nzito ya tairi, akausugua chini kana kwamba anazima moto. Nilisikia vidole vikivunjika. Kisha akatoka na kisu. Ta, ta, ta.

Kesho yake tulikuwa tunamaliza palizi ya shamba la kijiji, na dume moja lilikuwa limetolewa lichinjwe. Mkono wa mama ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na kunoa nilikuwa nimekwisha jifunza. Nikachukua kinoo na kata ya maji.

"Rudisha jiwe," mama akasema.

"Mama, leo kuna ng'ombe."

"Nimesikia."

"Atakuua."

"Rudisha jiwe, mwanangu."

Nikalirudisha. Baba aliingia kwa haraka, akakichomeka kisu kiunoni kikiwa ndani ya ala yake ya ngozi, akatoka.

Uwanjani wanaume walikuwa wamekwisha lifunga dume miguu, wanacheka.

"Wewe, shika pembe vizuri, hayo si masikio ya mkeo!"

"Mchinjaji, fanya upesi bwana! Mlenda tumekula mpaka utumbo unateleza."

Baba alipiga magoti, akataja jina la Mungu, akavuta kisu kooni. Ngozi ilichanika, haikukatika. Akainua kisu, akakitazama, akavuta tena. Dume lilitoa sauti ambayo sijaisikia tena maishani. Damu ilimrukia baba usoni. Alivuta mara ya tatu kama anayekata gogo, na hapo kamba ikakatika. Dume liliinuka, koo likiwa wazi nusu, likawaburuta watu wanne mavumbini, likampiga baba paja kwa pembe na kumtupa juu ya kuni. Watoto walikimbia wakilia. Mzee mmoja wa msikitini alilifuata lilipoanguka, akalimaliza kwa kisu chake mwenyewe.

"Ameinua kisu kabla ya kumaliza kuchinja, si halali," mzee akasema. "Hii mimi siili."

"Wala sisi," wakaitikia waliokuwa nyuma yake.

Jirani yetu Mkristo aliipiga ardhi kwa jembe. "Sasa tule sisi peke yetu? Si tumepalilia pamoja?"

Mzee aliokota kisu cha mama, akapitisha ukucha kwenye mapengo. "Hiki kimegongwa kwenye mawe. Nani kafanya hivi?"

Akiwa bado juu ya kuni, baba alimnyooshea kidole mama aliyesimama kati ya wanawake. "Muulizeni huyo. Kunoa ni kazi yake."

Mama alisogea mbele. Aliufungua mkono uliofungwa kwa kipande cha khanga, akauinua.

"Shikamoo, baba," alimwambia mzee. "Mkono wangu wa kunolea ndio huu."

Juu ya ule uvimbe zilikuwepo alama za tairi, mistari yake yote imejichora. Mzee aliutazama mkono, kisha akaitazama miguu ya baba. Wote tukaitazama.

"Kila siku tunasikia," mwanamke mmoja akasema. "Leo tumeona."

Mzee akampa mama kisu, mpini mbele. Kwa baba alisema maneno machache tu: "Hapa hutachinja tena."

Jua lilikuwa bado halijazama baba alipofika nyumbani akichechemea. Mama alikuwa ameketi jikoni, mkono mapajani.

"Lete jiwe," akaniambia.

Nikaleta. Baba alisimama mlangoni. Nikalaza kisu, nikaanza kuvuta.

"Umekilaza mno. Inua mgongo. Punje ya mtama."

Nikainua. Mara kumi upande huu, mara kumi upande ule, na kila mvuto baba aliusikia. Mama aliokota jani la mlenda kwa mkono wa kushoto, akaninyanyulia. Likakatika bila kutikisika.

Akakiweka kisu kando ya mafiga, mahali pa wazi, makali yakielekea mlangoni. Nilisubiri nione nani atakinyakua. Baba alikitazama, akavua zile katambuga na kuziacha nje. Hakuingia. Alienda peku kwa kaka yake, na jioni ile, kwa mara ya kwanza, sikuomba.