Baba Nyuma ya Mstari wa Majivu

Nilijiunga na raga kwa hasira. Timu ya netiboli ya mtaa wetu hapa Bariadi ilinikataa, eti nina mikono mizito. Naondoka uwanjani nimenuna, nikaitwa na afisa kilimo mmoja, mwanamke aliyehamishiwa huku kutoka Arusha, aliyekuwa akifundisha wasichana mchezo wa mpira wenye umbo la yai. "Mikono mizito ndiyo ninayoitafuta," akasema. Hakuna aliyewahi kuisifia mikono yangu. Nikabaki.

Wiki za kwanza zilikuwa aibu tupu. Raga inataka ukimbie mbele lakini mpira umpe aliye nyuma yako, na mimi kila mara niliurusha mbele. Kukaba ndiko kulikonishinda kabisa. Nikimwangusha mwenzangu nilisimama nimpe pole, nimkung'ute vumbi, na mchezo ukawa umeshatuacha. "Pole mtapeana tukimaliza," kocha alisema kila siku, wala hakukasirika. Mimi mwenyewe nisingejivumilia hivyo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo yasiyosimulika, nakaa kwa shangazi nikisubiri sijui nini, na pale uwanjani tu ndipo watu walipofurahi wakiniona nafika.

Kisha habari zikamfikia baba kule Kasoli. Akapiga simu.

"Nasikia unavaa bukta na kuangusha watu."

"Ndiyo, baba."

"Jumamosi nakuja. Nikiona huo mchezo umekuondolea adabu, unarudi nyumbani kuchuma pamba."

Baba yangu hasemi jambo mara mbili. Usiku ule sikulala vizuri.

Jumamosi alasiri tulicheza na wasichana waliotoka Mwandoya. Niliangaza macho kila upande, baba hayupo. Zikabaki dakika chache, wametuzidi kidogo, trai moja tu ingetuokoa. Yaani uvuke na mpira ule mstari wa majivu mwisho wa uwanja, uuguse chini, basi. Mpira ukanifikia mimi, na mbele yangu hapakuwa na mtu. Nikatoka mbio. Nyuma nasikia wenzangu wanapiga vigelegele, na kwa mara ya kwanza nilijua ninachofanya.

Ndipo nikamwona. Alikuwa ndiyo kwanza anafika, ameshika baiskeli yake, amesimama nyuma kabisa ya majivu, mahali asiposimama mtu. Kwetu binti hamsalimii baba yake wima, sembuse kumpita mbio kama hamjui. Sikufikiri. Hatua mbili kabla ya mstari magoti yangu yakashuka yenyewe, mpira kifuani.

"Mwadila, baba."

Kabla hajaitikia, wasichana wawili wa Mwandoya wakaniangukia mgongoni. Mpira ukaenda zake, filimbi ikalia, tukafungwa.

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nililia, na sikuilia ile trai. Nililia kwa sababu baba alikuja kutazama kitu pekee nilichokuwa nacho, akaniona nikikiharibu. Kichwani nilishaanza kufunga nguo zangu za kurudi Kasoli.

Baba akaja taratibu akisukuma baiskeli. Akasalimiana na kocha, kisha akamuuliza ule mstari ni wa nini. Kocha akamweleza yote, kwa heshima, bila kucheka, na hilo namshukuru hadi leo. Baba akayatazama magoti yangu yaliyochubuka.

"Adabu bado unayo," akasema. "Lakini siku nyingine fika kwanza, mama, halafu ndiyo unisalimie."

Kwangu ilikuwa ruhusa, ingawa niliogopa kuamini. Niliendelea kwenda mazoezini kimyakimya, nikisubiri simu ya kuniambia nirudi. Haikuja.

Mechi iliyofuata alikuja tena, safari hii mapema. Alisimama pembeni, mbali na majivu, akiegemea baiskeli. Kipindi cha pili nikapata mpira upande uleule wake, nikaanza kukimbia kuelekea pale alipo. Baba akaniona nakuja. Akageuka taratibu, akanipa mgongo, akawa anatazama barabarani mpaka nilipopita.