Zamu ya Wifi Kusoma

Niseme ukweli mapema, maana nimechoka kuuzunguka: nilimwonea wifi yangu wivu. Si ule wivu wa kumwona mwenzio na gauni jipya, ukanuna siku moja ukasahau. Huu ulihamia. Niliamka nao, nikafagia nao, nikakaa nao kwenye cherehani. Na wifi mwenyewe hajawahi kunikosea hata kwa jicho, jambo ambalo lilizidi kuniudhi.

Mimi ni fundi wa nguo. Chumba changu cha kazi ni cha mbele, kinatazama barabara: cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia yenye mguu mmoja uliotiwa kigingi, pasi, na kamba ya kutundikia nguo zinazongoja wenyewe. Watu wananiita Mama Sindano, na wapo wanaosema si kwa sababu ya ushonaji. Majoho ya kwaya ya kanisa letu nimeshona yote mimi, na kwa miaka kumi na miwili nilikuwa katibu wa jumuiya yetu, ile inayokutana kila Alhamisi alasiri nyumbani kwa mmoja wetu. Tukitimia tuko kumi na mmoja. Daftari la zamu lilikaa kwangu: nani afungue kwa sala, nani asome Neno, nani aanzishe wimbo. Mzee mmoja wa jumuiya, fundi viatu, aliwahi kusema kwamba hata Mungu akitaka kututembelea, inabidi apite kwanza kwa Mama Sindano apangiwe zamu. Walicheka. Nami nilicheka, maana nilipenda.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Alikuja kwetu na begi moja na koti la mvua lisilo na kifungo hata kimoja. Mumewe alikuwa amemtoa nyumbani baada ya miaka kumi na tisa. Hakusimulia mengi, nasi hatukumchimba. Tulimpa kitanda chumba cha watoto, na kwa kuwa si mtu wa kukaa bure, akaanza kunishonea vifungo na pindo kwa mkono. Vifungo alivyoshona wifi havijawahi kurudi.

Wiki ya pili, mchana, nikamsogezea Biblia. "Wifi, tusomee kidogo tupumzike."

Akaishika, akaitazama, akairudisha mezani taratibu. "Sijui kusoma, wifi. Wakati wenzangu wanakwenda shule, mama alikuwa mgonjwa, na mimi nilikuwa nambeba mumeo mgongoni. Lakini usiwaambie watu."

Sikuwaambia. Hilo mnihesabie. Kuanzia siku ile nikawa namsomea mimi. Kila mchana niliegemeza kitabu kwenye cherehani, nikawa nasoma huku nikikagua nguo zilizokwisha, uzi uliochomoza naukata kwa meno, kisha naendelea. Yeye alishona vifungo akisikiliza. Kabla hajaja, nikiri tu, kitabu changu kilikuwa kikifunguliwa Alhamisi na Jumapili. Nyumbani nilikuwa nakipangusa vumbi.

Nikampeleka jumuiya kwa mkono wangu. Kwenye daftari nilimpanga kufungua kwa sala au kuanzisha wimbo, kamwe si kusoma, na hakuna aliyeshtuka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Basi mwenyeji huyu hakupona.

Mwalimu wa shule ya msingi, mwenzetu, alifiwa na mama yake. Tukaenda. Niliomba mimi kwanza, na niliomba vizuri, nikawapitia malaika wote kwa vyeo vyao. Ilipofika kwa wifi akasema, "Baba, huyu mtoto wako leo hana mama. Kaa naye." Akanyamaza. Mwalimu ndipo akalia. Wakati wa sala yangu nilikuwa nimemwona akitazama saa.

Tangu hapo nikiingia jumuiya peke yangu, macho yao yalipita juu ya bega langu kutafuta nani yuko nyuma. "Wifi yako haji?" Hata bado sijavua viatu. Mgonjwa akiwapo, waliniita ili nimwite yeye. Siku moja akasimulia ile habari ya mwanamke aliyekuja kwa nyuma, katikati ya umati, akagusa pindo la vazi. Aliisema yote bila kitabu, na alinyamaza kidogo palepale ninaponyamaza mimi kukata uzi. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe kwenye kinywa cha mtu mwingine. Watu wakatikisa vichwa, wakaniambia Neno limemkaa wifi yako kichwani. Limemkaa, sawa. Na nani aliyeliweka? Hilo hakuna aliyeuliza.

Hata nyumbani sikusalimika. "Dada akiomba," mume wangu akasema mezani, "unasikia kabisa umeombewa."

"Na mimi nikiomba?"

"Wewe unaomba vizuri sana," akasema, kwa sauti ileile anayotumia kusifu mboga niliyounguza.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeshona nguo miaka yote hiyo, na methali ile nilikuwa sijaielewa.

Basi mlezi wa jumuiya yetu, mkunga mstaafu tunayemwita Mama Mkunga, akatangaza kwamba magoti yamemchosha na mwezi ule atachaguliwa mlezi mwingine. Yeye angependekeza jina, sisi tungeitikia. Kiti kile nilikihesabu changu. Sikukitaka kwa ajili ya kukaa mbele tu. Nilitaka angalau mara moja watu waseme kwamba mtu huyu naye ametulea. Siku chache baadaye Mama Mkunga akaja nimpanulie gauni. Nikiwa nimepiga magoti nyuma yake, mdomo umejaa pini, akaniuliza, "Wifi yako unamwonaje? Anaweza kuwalea watu yule?"

Nilimshukuru Mungu kwa zile pini. Nilitoa sauti ya puani ambayo yeye aliichukua kuwa ndiyo.

Alipoondoka nikachukua daftari. Alhamisi inayofuata msomaji alikuwa mwalimu. Nikamkata, nikaandika: wifi. Kisha nikachagua fungu. Angeweza kukariri karibu lolote nililomsomea, kwa hiyo nilitafuta ambalo sikuwahi kumsomea, nikalipata: ile orodha ndefu ya majina ya wazee wa zamani, fulani akamzaa fulani, ukurasa mzima. Tulipolifikia mchana fulani nililiruka, nikamwambia halina faida. Nikajiambia kwamba mlezi lazima ajue kusoma, ni haki ya watu kufahamu. Ukitaka kufanya ubaya kanisani, sababu nzuri hazikosekani.

Alhamisi hiyo tulikutana nyumbani kwa fundi viatu, chumba cha chini chenye harufu ya gundi, viatu vya watu vimesukumwa chini ya kitanda. Tukaimba. Nikafungua daftari, nikasema bila kuinua macho, "Neno la leo atatusomea wifi." Nikalitaja fungu.

Nilisikia benchi likilia alipoinuka. Nikasikia kurasa. Kisha kimya, kirefu mpaka mtu akakohoa. Moyo wangu ulikuwa unadunda, na sitawadanganya, haukuwa wa huruma. Nilikuwa nangoja.

"Ndugu zangu," wifi akasema, "mimi sijui kusoma."

Akakishusha kitabu.

"Sijawahi kujua. Haya mnayonisikia nikisema, nimesomewa. Kila mchana, miaka miwili sasa, wifi yangu ananisomea huku kazi za watu zinamngoja. Hakunicheka hata siku moja, na siri yangu hakumpa mtu. Mkiona kitu kizuri kwangu, kimetoka kwake."

Akaketi. Mwalimu akahama akakaa karibu naye, akachukua kitabu, akasoma majina yale kwa sauti, jina moja moja. Fundi viatu alivua miwani akaifuta kwa shati. Alipomaliza, wote walinigeukia, na macho yale niliyoyatafuta miaka kumi na miwili yakawa juu yangu, hayakupita begani.

Mama Mkunga akasimama kwa kushika meza. "Nilikuja na jina moja, nimepata jingine. Mtu anayemlisha mwenzake kimyakimya miaka miwili, huyo ndiye mlezi. Mama Sindano, kiti hiki ni chako."

Wakaitikia kwa pamoja. Wakanishika mikono, wakanipa chai. Niliishika chai ile mpaka ikapoa.

Jioni wifi alikaa mahali pake, anashona vifungo vya shati la shule. Mimi nilijitia kutafuta mkasi uliokuwa mbele yangu.

"Fungu lile hujawahi kunisomea," akasema bila kuinua kichwa.

Nikausogeza mkasi upande wake.

"Uliyonisomea yote ninayo, wifi. Yale majina uliyaruka. Na zamu ilikuwa ya mwalimu, uliitaja mwenyewe wiki iliyopita. Kusoma sijui, lakini kusikia nasikia."

"Sasa kwa nini ukasema vile?"

"Nilisema uongo?"

"Hapana."

"Nilisimama pale na kitabu mkononi. Nilikuwa na kweli mbili. Moja nilikuwa na haki ya kuisema." Akakata uzi kwa mkasi, si kwa meno. "Ile nyingine ni yako. Kesho usinisomee."

Hakunisusia maneno, alinisalimu kama kawaida. Lakini mchana uliofuata alibeba kikapu chake cha vifungo akaenda kukaa nyuma. Nikajaribu kusoma peke yangu. Mstari wa tatu nikajikuta nahesabu mita za kitambaa. Nikajaribu kuomba, malaika wote wakaja kwa vyeo vyao, na katikati yao nikajisikia mjinga.

Alhamisi niliyokaa kwenye kiti cha mlezi kwa mara ya kwanza ndiyo ilikuwa ya mwisho. Nilisimama nikawaambia: zamu niliibadilisha mimi, fungu nililichagua mimi, nilitaka aaibike. Nilisema kwa kifupi, labda sala yangu ya kwanza fupi tangu nizaliwe. Mama Mkunga hakunikemea. Alininyooshea mkono nikampa daftari, akampa mwalimu. "Kiti kitakwenda kwa wifi yako. Kusoma atafundishwa. Wewe utakaa kwenye benchi mwaka mmoja, ukiombewa kama sisi wengine."

Kuombewa kama wengine. Hapo ndipo paliponichoma. Alhamisi mbili zilizofuata sikwenda. Nilijifungia na cherehani, nikamwambia mume wangu kwamba Mungu yuko kila mahali, hana haja ya mabenchi. Nikaomba peke yangu, na humo ndani nilikuwa mtakatifu kuliko wote, maana hapakuwa na mwingine. Kupitia dirisha niliwaona wakipita na wifi katikati yao, nikatia uzi sindano mara tano bila kuona tundu.

Alhamisi ya tatu mlango ukagongwa. Walikuwa wote kumi, wamebeba mabenchi.

"Leo zamu ya kukaribisha ni yako," mwalimu akasema, amekumbatia daftari. "Imeandikwa humu, na hati ni yako mwenyewe."

"Chumba kimejaa nguo," nikasema.

"Tutakaa chini ya nguo," fundi viatu akasema, akaingia. Alipita chini ya gauni la bibi harusi akichungulia huku na huku. "Kumbe Mungu huwa anakuja hata bila kupangiwa."

Nilicheka, na katikati ya kicheko nikaanza kulia, na waliniacha nilie. Kisha wifi akaniombea. Sala yenyewe ilikuwa fupi kama kawaida yake. "Baba, wifi yangu amechoka kujilinganisha. Mpumzishe." Basi. Na nikasikia kabisa kwamba nimeombewa. Hata hapo, nawaambia, pembeni ya moyo kuna kisauti kilisema: ona, anakushinda tena. Sikukifukuza, nilikitaja kwa sauti mbele yao, wakacheka, na kikapungua kidogo.

Mwalimu alimfundisha wifi kusoma kwa miezi minane, kila Jumamosi, kwenye meza yangu ya kukatia. Hilo pia nililionea wivu. Nilitaka niwe mimi niliyefundisha.

Mwezi uliopita, mchana, wifi alirudi na kikapu chake chumba cha mbele. Akaegemeza kitabu kwenye cherehani, akafungua ile habari ya pindo la vazi. Nikamwambia hiyo anaijua, achague nyingine. Akasema anataka kuiona. Akaanza kusoma, kidole chini ya mstari, polepole, huku mimi nikishona vifungo vyake. Alipofika katikati ya umati akanyamaza kidogo, kisha akaendelea. Mbele akanyamaza tena.

"Pale hapana nukta, wifi," nikamwambia. "Pale nilikuwa nakata uzi tu."

"Naona," akasema. "Lakini ndivyo nilivyoipokea."

Akageuza ukurasa, akaendelea kusoma, na kila nilipokata uzi alinisubiri.