Ujumbe wa Kamati kwa Mama Vipimo

Mama Vipimo hakusoma sana, na wala hafichi. Aliishia darasa la saba, akashika cherehani, na tangu hapo utepe wa kupimia haukumtoka shingoni, hata msibani alikwenda nao kwa kusahau. Ndiyo maana mtaa mzima ulishika midomo uliposikia kwamba chuo kikuu kimemwita akae meza moja na maprofesa.

Sababu yenyewe ni nyepesi. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili akitaka kufanya utafiti kwa watu, haruhusiwi kuanza mpaka kamati ya maadili impe kibali. Na kamati ile, kwa kanuni zake, lazima iwe na mtu mmoja wa kawaida, wa kusema kama watu wa kawaida wenzake wataielewa fomu wanayowekewa mbele watie sahihi. Asipokuwepo yeye, kikao hakuna. Basi miaka miwili Mama Vipimo alikaa kiti cha karibu na mlango, mikono mapajani, na kila jalada lilipofika mwisho mwenyekiti alimgeukia: "Mama, umeelewa?" Naye alijibu, "Nimeelewa." Mara nyingine alikuwa ameelewa kweli. Mara nyingine, jamani, hakuambulia kitu, ila aliona haya kuwachelewesha watu wenye miwani mizito kiasi kile.

Nyumbani aliyefurahia kazi hii kuliko wote ni mumewe. Siku Mama Vipimo alipoandikishwa, simu yake ilikuwa kwa fundi, akatoa namba ya mumewe. Ile simu haijarudi kutoka kwa fundi mpaka leo. Kwa hiyo ujumbe wa karani wa kamati, wa kukumbusha kikao na wa kushukuru baada ya kikao, uliingia kwa mume, naye alisoma kwa sauti mezani, watoto wanne wakisikiliza: "Mheshimiwa mjumbe, unakumbushwa kikao cha Alhamisi saa tatu asubuhi." Halafu huinua macho, "Mheshimiwa, umesikia?" Watoto hucheka, na mama naye hucheka.

Alikuwa mpole, mume huyu, fundi wa kufuli, mtu wa maneno machache. Alitaka mtoto wa tano. Mwaka wa tisa sasa alikuwa akisema, "Safari hii huenda," na mkewe akiitikia, "Inshallah." Na kila baada ya miezi mitatu Mama Vipimo aliaga kwamba anakwenda kununua vifungo, akapita mlango wa nyuma wa zahanati, akachomwa sindano. Vifungo alivyoaga kwenda kununua kwa miaka tisa vingetosha kufunga mashati ya jeshi zima. Kadi yake ya sindano alimwachia muuguzi palepale zahanati, maana nyumbani hapakuwa na sanduku wala droo ambayo fundi kufuli angeshindwa kuifungua.

Aliogopa? Aliogopa, tena sana. Alimwona kwa macho yake mke wa kwanza wa shemeji yake, mdogo wa mumewe, siku kadi kama hiyo ilipokutwa chini ya godoro lake. Alitolewa nyumbani mchana kweupe, lile godoro kichwani. Mume wa Mama Vipimo alirudi kutoka huko kwa mdogo wake, akanawa mikono, akaketi kula. Akasema, "Angekuwa wangu, asingetoka kwa miguu yake." Kisha akaomba chumvi.

Sasa, wiki moja kabla ya kikao cha mwisho, ililetwa bahasha ya kaki kama kawaida. Mama Vipimo aliifungua juu ya cherehani, kati ya pindo na pindo. Mwanafunzi mmoja aliomba kibali cha kuwahoji wanawake wanaotumia uzazi wa mpango bila waume zao kujua. Alijiona kama ameandikwa yeye. Akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka ukurasa wa kumi na nne: mshiriki atakumbushwa siku ya mahojiano kwa ujumbe wa simu, wenye jina la utafiti. Alisoma tena na tena. Kisha akaifunika bahasha kwa kitambaa cha sare na kukaa juu yake mpaka jioni.

Siku ya kikao alimkuta mwanafunzi mwenyewe kwenye benchi la korido, binti mwembamba, kucha zimeliwa zikaisha.

"Shikamoo mama. Niombee, nisipopata leo nimechelewa kabisa."

"Marahaba mwanangu," alijibu, akausukuma mlango.

Ndani, jalada lile lilipita vizuri mno. Wakasifu hesabu za sampuli, wakasifu jinsi majina yatakavyofichwa. Mama Vipimo aliushika utepe wake kwa mikono miwili. Akinyamaza, wanawake wangapi watasomewa ujumbe ule mezani? Akisema, wataulizana amejuaje.

"Mama, umeelewa?"

"Sijaelewa."

Vichwa vyote viligeuka. Karani aliacha kuandika.

"Huo ujumbe wa simu," alisema. "Unaingia simu ya nani?"

"Ya mshiriki mwenyewe, mama," alijibu mwenyekiti kwa upole.

"Na kama hana?"

"Atatoa namba anayopatikana."

"Na mimi nilitoa namba ninayopatikana, profesa. Kikao hiki cha leo nimesomewa na mume wangu, mezani, watoto wanasikiliza."

Mjumbe mmoja alivua miwani.

"Namjua mama mmoja," aliendelea, akiitazama meza. "Anachomwa sindano kwa siri, mwaka wa tisa huu. Siku ujumbe kama huo ukiingia, huyo hamtamwona kwenye mahojiano yenu. Hamtamwona popote."

"Ni mtu wako wa karibu?"

"Jirani tu," alisema haraka.

Basi. Jalada likarudishwa: ujumbe ufutwe, kila mwanamke achague mwenyewe namna ya kutafutwa, mwanafunzi alete fomu mpya baada ya wiki mbili. Mwenyekiti akawakumbusha wote kwamba yaliyosemwa mle yabaki mle, kama walivyoapa. Mlangoni karani, dada mmoja mwenye huruma, alimshika mkono Mama Vipimo, macho yamelowa.

Alitoka mwepesi. Miaka miwili ya "nimeelewa" ilikuwa imemtoka kifuani. Njiani akacheka peke yake, akaingia dukani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akanunua vifungo vya kweli.

Mumewe alikuwa amewahi kurudi. Alikaa mezani, simu mbele yake. Watoto walikuwa bado shuleni.

"Mheshimiwa," alisema, "umeletewa shukrani zako."

Karani! Mama Vipimo alikuwa amemsahau karani na shukrani zake; naye karani, kwa huruma, amesahau simu ile ni ya nani.

Mumewe akasoma polepole, bila kuinua macho: "Asante sana mama kwa leo. Mwambie yule mama anayechomwa sindano kwa siri asiogope tena. Hakuna atakayemtumia ujumbe."

Akaiweka simu chini. "Mama gani huyo?"

"Mambo ya kamati. Tumeapa."

"Umeapa kwa chuo. Kwangu je?"

Mumewe alikuwa akihesabu kwa vidole, taratibu, jinsi anavyotafuta meno ya ufunguo.

"Mtoto wa mdogo wangu ametimiza miaka minne," alisema mwishowe. "Hakuna wa kumfuata. Na mkewe haishi kuja hapa kwako kushona." Akatikisa kichwa. "Mke wa pili naye! Masikini mdogo wangu."

"Si yeye."

"Ungesemaje vingine? Ni rafiki yako."

Kidole kilikuwa tayari kimebonyeza. Simu ikaita mara moja, mara mbili. Mama Vipimo alimwona akilini yule mke wa pili, mtoto akimfuata nyuma, godoro kichwani, hajui hata kosa lake.

"Haloo kaka," ilisema sauti ya shemeji.

"Kata simu," alisema Mama Vipimo. "Ni mimi."

Shemeji aliendelea kuita, haloo, haloo kaka, mbona kimya? Mumewe aliikata simu, akaiweka mezani karibu na pakiti ya vifungo. Akainuka, akaenda kufunga mlango.