Herufi ya Kuongeza Majina

Heri ningelikataa siku ile mkuu wa ofisi aliponiagiza nifute herufi za zamani katika programu yetu. Sikukataa. Ukweli ni kwamba nilifurahi, maana programu niliitengeneza mwenyewe na nilitaka ionekane safi.

Ilikuwa miaka ya vita, hapa Uvira. Tuliandika majina ya waliokimbia ili jamaa zao wawapate. Kompyuta zetu hazikuwa na picha wala kipanya: uliandika jina la programu, halafu kistari na herufi moja ya kuieleza kazi. Herufi O iliongeza majina mapya chini ya yale yaliyokuwepo. Niliiondoa, nikaweka neno zima mahali pake. Mtu akitumia ile ya zamani, onyo lingetokea kwenye kioo cha kompyuta, kisha programu ingefuta orodha iliyokuwepo na kuanza upya.

Mama aliyeshika kituo chetu cha Lemera aliniita kwa foni, ile redio ya ofisi. Alisema vidole vyao vimeshazoea, na betri yao ni ndogo: wakishaandika amri wanazima kioo papo hapo.

"Yaya, acha ile ya zamani itumike pia. Iko inakusumbua nini?" Yaya kwao ni kaka.

Nilimjibu kwamba watazoea.

"Weye unakaa karibu na umeme," akasema, akacheka kidogo.

Kuiacha kungenichukua mistari miwili tu ya programu.

Vita vilipoingia mtaani kwetu nilikuwa ofisini. Mke wangu alipanda milimani na majirani. Mmoja wao aliporudi aliniambia walipanga mstari pamoja Lemera, na mke wangu alitaja mahali anakoelekea, pakaandikwa, ila yeye hakupasikia. Nilikimbilia foni. Yule mama alinieleza yaliyotokea. Asubuhi ile alikuwa ameongeza watu wapya kwa herufi O, kioo kikiwa kimezimwa, na orodha ya juma zima ikafutika. Karatasi walishazichoma, kama tulivyokubaliana, kwa sababu karatasi yenye majina ilikuwa hatari ikishikwa njiani.

"Majina haiko, yaya. Walikuwa wengi, siwezi kuwakumbuka."

Hakunilaumu. Nilimtafuta mke wangu hadi Mulenge, nikiuliza nyumba kwa nyumba. Sasa nimezeeka, ninapika chakula cha mtu mmoja. Sikumwona tena, na kama alikufa, sijui kaburi lake liko wapi.